Ndoana Ishirini na Tatu

Jumatano, saa moja na robo asubuhi, Mzee Othman Mjaka wa Tumbe alifungua kufuli ya chumba chake cha kazi, akashusha kopo la biskuti kutoka rafuni, akafunua kifuniko, kisha akapiga ukelele uliowatoa majirani wa nyumba saba.

Ndani ya kopo alikuwa ameweka vyambo vya manyoya arobaini. Vilibaki kumi na saba.

Chambo cha manyoya ni kitu kidogo chenye kiburi kikubwa. Ni ndoana iliyovishwa manyoya ya jogoo na kufungwa uzi mwekundu shingoni, ili ikikokotwa nyuma ya boti nguru aione ni dagaa anayekimbiza roho yake. Wavuvi wengi hujifungia wenyewe, na nguru huwacheka. Vya Mzee Othman hawakuvicheka. Alikuwa na miaka sitini na nane, na thelathini na nane kati ya hiyo ameitumia kufunga vyambo. Manahodha wa kaskazini ya Pemba walikuwa radhi kusahau maji ya kunywa nyumbani kuliko kusahau chambo chake.

"Mtu kaingia chumbani mwangu kaniibia!" alipaza sauti barazani. "Basi na ajijue. Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Shehe Nyange atakaa hapa hapa, na Halbadiri itasomwa!"

Pemba mtu anaweza kumcheka polisi, lakini Halbadiri haichekwi. Ni dua nzito ya kumshitaki mwizi kwa Mungu kwa majina ya mashujaa wa Badri, na kila mtu pale alikuwa na hadithi yake ya fulani aliyesomewa, akavimba tumbo, asimalize mwezi. Ikishasomwa hairudishwi. Mkewe Mzee Othman, Bi Mgeni, aliyekuwa mlangoni na sinia la mchele, aliliangusha likalia mtaa mzima. Watu waliona ni mshituko wa mke mwema, wakainama kumsaidia kuokota.

Mmoja wao ndiye aliyelitaja jina la Seif, aliyekuwa mwanafunzi wa Mzee. Alilitaja kwa sauti ndogo, lakini jina likishatajwa halirudi mdomoni.

Koplo Ummkulthum Yasser alifika saa tatu kasorobo kwa pikipiki, amevaa baibui na mtandio wa kijani, kwani wapelelezi hawavai sare. Alikuwa mzaliwa wa Gombani, na tangu aanze upelelezi alikuwa ameshughulikia mbuzi kumi na tisa, baiskeli sita na jenereta moja. Mbuzi wote walipatikana isipokuwa mmoja, na huyo mmoja bado anamuuma. Silaha yake ilikuwa moja tu: kuhesabu. Alihesabu ngazi, madirisha, hata vijiko kwenye karamu za watu.

"Assalamu alaykum, Mzee."

"Waalaykumu salaam, mwanangu. Weye ndiye Koplo? Mgeni! Mpe kiti huyu bibi wa mtandio wa buluu."

Koplo aliutazama mtandio wake. Ulikuwa kijani kama jani la mgomba. Hakumsahihisha, kwa kuwa mtu aliyeibiwa ana haki ya kukosea rangi.

Chumba kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo nane, meza, na kigoda kilichowekwa karibu na mlango pale mwanga ulipokuwa mzuri zaidi. Kufuli ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

"Mara ya mwisho ulivihesabu lini, Mzee?"

"Jana Jumanne, adhuhuri. Arobaini kamili. Nikafunga, nikenda msikitini alasiri. Mie nikishakwenda alasiri sirudi mpaka isha, kuna darsa. Leo asubuhi nije nitoe nivigawe kwa manahodha, ndio hivi."

"Nani ana ufunguo?"

"Mie. Na Seif alikuwa nao, alipokuwa mwanafunzi wangu. Miaka tisa kakaa hapo ulipokaa weye, kisha kaniacha kenda kuuza vyambo vya plastiki sokoni, vile vinavyotoka kiwandani." Alilitamka neno plastiki kama mtu anayetaja haramu. "Ufunguo hakurudisha."

"Na Bi Mgeni?"

Mzee Othman alishangaa. "Mke wangu? Huyo ndiyo nyumba yenyewe, mwanangu. Hahesabiwi."

Koplo aliandika. Kisha akavipanga mezani vyambo kumi na saba vilivyobaki, akavitazama kwa muda.

"Kinachonishangaza, Mzee, ni hivi. Mwizi wa mbuzi akiwaacha wengine, huwaacha vilema. Huyu amechukua ishirini na tatu, akaacha kumi na saba. Hivi vina kilema gani?"

"Chambo changu hakina kilema!"

"Basi nifahamishe. Unavitengeneza vipi?"

Hapo Mzee Othman alilainika. Ukitaka kumtuliza mtu wa kazi, muulize kazi yake.

"Watu wanadhani ni manyoya," alisema, akikaa kwenye kigoda chake. "Manyoya ni nguo tu. Mtu huanza na mwili, ndipo nguo. Mwili ni ndoana. Kwanza unajiuliza, namtaka samaki gani? Nguru ana meno, atakata mshipi, basi ndoana yake iwe ya shina refu. Kolekole ana nguvu kama fahali, huyo mpe shina fupi, waya nene, isije ikanyooka. Sehewa mdomo wake mwepesi, mpe ndoana nyembamba, chambo kielee juu juu. Unanipata?"

"Nakupata."

"Sasa kuna jambo moja liko juu ya yote hayo. Ndoana ya kurambaza, ya kukokota nyuma ya boti, lazima iwe ya sawa. Ncha itazamane na shina, mstari mmoja. Kuna ndoana nyingine ncha yake imekwenda kando kidogo, unene wa njiti ya kibiriti. Hiyo twaita ya kando. Ukiitia kipande cha ngisi ukaishusha chini, nzuri sana, inamshika samaki shavuni. Lakini ukiifunga manyoya ukaikokota, inazunguka kama pia. Mshipi unajisokota, na nguru anajua huyu si dagaa."

"Na mtu anazitambuaje?"

"Kwa jicho. Na asiye na hakika huilaza kwenye sinia. Ya sawa inalala. Ya kando inatikisika. Seif nilimfundisha hivyo siku ya kwanza."

Rafuni palikuwa na vikasha viwili vya ndoana za shina refu, vinavyofanana kama pacha, kimoja kifuniko cha buluu, kingine cha kijani. Vyote vipya, alieleza Mzee. Mpwa wake alivileta kutoka Wete Jumatano iliyopita. Alimwagiza viwili vya ndoana za sawa, naye akaleta kimoja cha sawa na kimoja cha kando.

"Buluu ndicho cha sawa. Hicho ndicho nilichotumia. Cha kijani sijakigusa, nimekiweka nimrudishie."

Koplo, kama ada yake, alivimwaga mezani akahesabu. Kila kikasha huja na ndoana hamsini. Cha buluu kilikuwa na thelathini na tatu. Cha kijani, kisichoguswa, kilikuwa na ishirini na tano.

"Cha kijani kimepungua ishirini na tano, Mzee."

"Eti nini? Basi kaniibia na ndoana pia, mwana hizaya!"

Koplo akaandika: *Vyambo 23. Ndoana za kando 25.* Akazitazama namba mbili zile, na zile namba zikamtazama.

*

Seif alikuwa kwenye meza yake sokoni, karibu na diko ambapo samaki hupakiwa kwenye baiskeli na pikapu. Meza imejaa vyambo vya plastiki vinavyometameta. Wateja hawakuwapo. Ilikuwa saa tano, na wachuuzi walikuwa wakipita mbali kidogo na meza yake, kana kwamba Halbadiri inaambukiza.

"Najua umekuja kufanya nini," alisema kijana huyo wa miaka ishirini na tisa, akatoa mfukoni ufunguo uliofungwa uzi mwekundu. "Huu hapa."

"Kwa nini hukuurudisha?"

Seif aliugeuza geuza kiganjani. "Hakuniomba. Na mie kuurudisha mwenyewe, ndio ingekuwa kwisha kabisa."

"Jumanne kuanzia alasiri ulikuwa wapi?"

"Wete. Nimekwenda kuchukua bidhaa kwa gari ya saa saba, nimerudi baada ya isha. Muulize dereva, muulize na mwenye duka."

Koplo aliwauliza wote wawili kwa simu pale pale, na wote wawili walikubali. Mwenye duka alikumbuka hata rangi ya fulana.

"Vipi ameachiwa kumi na saba?" Seif aliuliza. "Koplo, mwizi anayejua kazi angechukua yote. Mwizi asiyejua angechukua yote vilevile. Huyu mtu gani?"

"Ndilo ninalotafuta. Unaiogopa Halbadiri?"

"Mie sikuiba, naiogopea nini? Waisome." Macho yake yakaanza kung'aa, akayainamisha kwenye plastiki zake. "Ninachoogopa ni kuwa yeye kaamini. Miaka tisa, yakhe. Kaamini."

Koplo alimwachia ufunguo wake. Kisheria ulikuwa kielelezo, lakini kuna vitu mtu havichukui mkononi mwa mwenziwe.

*

Jirani wa mbele, mwanamke ambaye dirisha lake halikosi jambo, ndiye aliyempa Koplo mtuhumiwa wa pili. Jumanne, baada tu ya adhana ya alasiri, alimwona Nahodha Jaribu anapiga hodi nyumbani kwa Mzee Othman, uso umekunjana. Alitoka baada ya dakika kumi, naye hakuwa na kitu mkononi. "Lakini kanzu ina mifuko," jirani aliongeza, kwa moyo wa kusaidia.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Koplo alimkuta Jaribu ndani ya boti yake, anahangaika na mshipi uliojisokota mpaka umekuwa kama kiota cha ndege.

"Jumanne alasiri ulikwenda kwa Mzee Othman, na yeye hayupo. Ulifuata nini?"

"Siwezi kusema."

"Nahodha, kesho inasomwa Halbadiri."

"Najua. Mie sikuiba kitu, Koplo. Lakini nimeapa nisiseme."

"Umeapa kwa nani?"

"Nikikwambia kwa nani, nitakuwa nishasema."

Koplo alikaa juu ya ubao wa boti. Alikuwa na subira ya mtu aliyewahi kumsubiri mbuzi atoke mwenyewe kichakani. "Basi tusizungumze Jumanne. Huu mshipi umefanywa nini?"

"Umejisokota."

"Kwa sababu gani?"

Jaribu alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita boti nyingine baharini, lakini jibu hili lilitoka kwa mnong'ono. "Iulize ndoana."

Kisha, kwa kuwa hakuapa kuhusu mikono, akafungua kiboksi chake, akatoa vyambo viwili vya manyoya, akaviweka juu ya ubao mbele ya Koplo, akaanza kutazama bahari kama hahusiki. Uzi mwekundu, manyoya meupe ya jogoo, kazi safi kabisa.

"Hivi alikupa yeye?"

"Jumapili iliyopita. Kafunga arobaini na mbili, mie kanipa viwili nivijaribu kabla hajawagawia wenzangu."

Koplo alikilaza kimoja ubaoni, akakigusa kwa kidole. Kikatikisika. Akakilaza cha pili, nacho kikatikisika.

Alifungua daftari. Ndoana za kando zilizopungua: ishirini na tano. Toa mbili za Jaribu, zimebaki ishirini na tatu. Akafanya na hesabu nyingine, akajionea haya kwa kutoifanya tangu jana. Kama vyambo vyote arobaini na mbili vilifungwa kwa ndoana za kikasha cha buluu, ndani yake zilipaswa kubaki nane. Zilibaki thelathini na tatu. Zilizotumika humo ni kumi na saba tu, na kumi na saba ndivyo vyambo ambavyo mwizi aliviacha.

Hakuna aliyeiba ndoana. Zilikuwa ndani ya vyambo. Mwizi alichagua kimoja kimoja, akachukua vibovu, akaacha vizima.

Koplo alikumbuka mtandio wake wa kijani uliogeuka buluu machoni mwa Mzee, akafunga daftari.

*

Mchana ule Mzee Othman alimkataza kuondoka bila kula. Sinia likaletwa: wali mweupe, samaki wa kukaanga, na pilipili.

"Utatusamehe, mwanangu," alisema Mzee. "Wali wa nazi ndio mambo, lakini nazi zimetuishia tangu Jumatatu, na mkwezi hajaja."

Bi Mgeni alikaa pembeni, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, mkeka wake aliouanza upo miguuni. Hakula. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umeumia, Bi Mgeni?"

"Mbuzi, mwanangu. Jana nilikuwa nakuna nazi."

Koplo alimega tonge, akatafuna taratibu. Mbuzi wa nazi huchuna, na nazi zenyewe hazipo tangu Jumatatu. Kitambaa kile kilikuwa na vitone viwili vidogo vya damu vilivyoachana kidogo, kama alama ya kitu chenye ncha kilichoingia huku kikatokea kule.

"Hasemi, halali," Mzee Othman alilalamika kwa upendo. "Usiku kucha ananisihi niiache Halbadiri. Mie namwambia, Mgeni, unamwonea huruma mwizi? Huyu moyo wake ni wa maziwa. Angekuwa na nguvu angemwombea hata nyoka msamaha."

Bi Mgeni aliinamisha uso, akaokota ukili mmoja, akashindwa kuupitisha.

Sasa Koplo alijua yote, isipokuwa namna ya kuyasema. Akimtaja mwanamke huyu barazani, Mzee atafedheheka mbele ya Tumbe nzima. Asipomtaja, kesho alasiri mume atamsomea mkewe dua isiyorudishwa, na Bi Mgeni alikuwa akiamini, kama alivyoamini jua, kwamba itampata.

*

Ijumaa, saa tisa alasiri. Watu walikuwa wameanza kujaa barazani. Koplo aliwaingiza chumbani watu wanne tu: Mzee Othman, Bi Mgeni, Seif na Jaribu. Kisha akafunga mlango, akafungua dirisha, na juu ya meza akageuza sinia la Bi Mgeni, tumbo chini, mgongo juu.

"Mwizi yumo humu?" Mzee Othman aliuliza, akimtazama Seif, kisha akaondoa macho.

"Yumo, Mzee. Lakini kabla sijamtaja nataka somo langu la mwisho. Nichagulie ndoana ya nguru."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Mzee alinung'unika, akanyoosha mkono rafuni, akachukua kikasha, akatoa ndoana, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa nusu jicho. "Hii. Shina refu, ya sawa. Imetoka kwenye buluu."

Kikasha kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa cha kijani. Seif alifungua kinywa, lakini Koplo akamwonya kwa mkono.

"Ilaze kwenye sinia."

"Mie siilazi. Mie nazijua."

"Nilazie mie, mwanao."

Akailaza. Koplo akaigusa kwa ncha ya kidole, na ndoana ikalia juu ya bati: ti-ti-ti-ti.

Mzee Othman hakuona vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na sauti ile aliwafundisha watu wengine waiogope. Akatoa ya pili, haraka. Ti-ti-ti-ti. Ya tatu nayo ikalia vilevile.

"Hiki si buluu," alisema polepole.

"Ni kijani, Bwana," akajibu Bi Mgeni, naye alikuwa akilia. "Ni kijani. Na hata mtandio wa Koplo Jumatano ulikuwa kijani."

Mzee alikaa kwenye kigoda chake kwa kupapasa.

"Mwizi mie, Othman," alisema Bi Mgeni. "Jumanne kaja Jaribu na mshipi wake umesokoteka. Kanionesha. Nikamwapisha kwa Mungu asikwambie, asimwambie mtu. Alipoondoka nikachukua ufunguo wako wa akiba, nikakaa hapa na sinia hili, nikavilaza arobaini vyote. Vilivyolala nikavirudisha. Vilivyotikisika nikavichukua."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia vipi? Baba'ako alipokufa macho, watu waliacha kuleta kazi. Kakaa barazani miaka kumi na moja, mikono juu ya magoti. Weye mwenyewe ulinambia, Mgeni, siku nikishindwa kuchagua ndoana, nizikeni. Ungesikia mie nasema?" Alijifuta machozi kwa upande wa kanga. "Nilitaka nivirudishe kabla hujafungua kopo. Nilidhani ntapata siku mbili. Weye ukafungua Jumatano asubuhi, na kabla sijasema neno ukataja Halbadiri mbele ya watu. Nikisema, nakutangaza kipofu. Nisiposema, n'nasomewa. Nikaona bora nisomewe."

Jaribu alijifanya kupenga kamasi. Seif hakujifanya kitu, alilia tu.

"Ulisema ulitaka kuvirudisha," Koplo aliuliza kwa upole, kwani alipenda hesabu zifunge. "Vibovu urudishe vipi?"

Bi Mgeni alifungua fundo la kanga kiunoni. Vikadondoka mezani vyambo vya manyoya tisa. Koplo alivilaza juu ya sinia kimoja baada ya kingine. Vyote vililala kimya.

"Nimekata uzi, nimetoa manyoya yako yale yale, nimeyafunga upya. Ndoana za sawa nimemwagiza mtu diko. Nimefika tisa. Kumi na nne bado, vidole vyangu vimechomeka."

Mzee Othman alikichukua kimoja. Hakukisogeza machoni. Alikipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka tundu mpaka shina, na kutoka shina mpaka fundo, na kwenye fundo mkono wake ukasimama.

"Hili fundo langu," alisema. "Nani kakufundisha?"

"Nani anifundishe? Miaka thelathini na nane nakaa mbele yako nachambua manyoya ya jogoo. Ulidhani natazama wapi?"

Nje, Shehe Nyange alipiga hodi. Adhana ya alasiri ilikuwa karibu, na umati ulikuwa umejaa mpaka njiani. Bi Mgeni alishika ukingo wa meza.

Koplo alisimama. "Mzee, naweza kwenda kusema kuwa ushahidi haujakamilika. Naweza kuahirisha."

"Kaa, mwanangu." Mzee Othman aliinuka, akafungua mlango, akakitafuta kizingiti kwa mguu, akatoka barazani. Chumbani walisikia kila neno.

"Shehe, watu wa Tumbe, mwizi kapatikana. Mwizi ni macho yangu. Yamenibadilishia ndoana ishirini na tano, na mie nikasingizia watoto wa watu. Vyambo vyangu vibovu vimechukuliwa na mtu anayenipenda, kusudi nisiaibike, na mie nilitaka kumsomea." Sauti ilimkatika, akaidaka. "Seif! Toka, baba. Toka wakuone. Huyu hakuniibia kitu. Mie ndiye niliyemwibia jina lake siku tatu, na namwomba radhi mbele yenu wote."

Seif alitoka. Wale waliokuwa barazani wanasema alitaka kuubusu mkono wa mzee, na mzee hakumwachia, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia zote mbili zikaanguka. Mwanamke wa dirisha la mbele alikiri baadaye kwamba alilia, ingawa hakuona vizuri kwa sababu ya watu.

"Ufunguo ule, bado unao?"

"Ninao, Mzee."

"Kaa nao. Jumatatu nakwenda hospitali ya Chake kutazamwa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, wanasema anatolewa. Asubuhi mtu wa kufungua mlango ni weye. Bi Mgeni atakuonesha vya kufunga."

Shehe Nyange, aliyekuja na kitabu kizito, alikirudisha kwapani. Baada ya sala aliinua mikono, na watu waliokuja kusikia laana wakaitikia amina ya dua ya shifaa, ya kuponya macho. Kila mtu aliitikia kwa sauti kubwa kupita kawaida, na Bi Mgeni, nyuma ya mlango, ndiye aliyeitikia mwisho.

Koplo Ummkulthum alimalizia daftari lake saa kumi na moja kasoro dakika kumi: *Hakuna wizi. Mali imeonekana ndani ya nyumba, mikononi mwa mwenyewe.* Akahesabu ngazi tatu za baraza wakati wa kushuka, kisha akakumbuka ameacha kalamu, akarudi.

Chumbani walikuwa wawili tu. Mzee Othman alikuwa amehama kigoda chake cha mlangoni, kile ambacho kwa miaka thelathini na nane hakukikalia mtu mwingine, amekaa chini kwenye mkeka na rundo la manyoya ya jogoo mapajani. Juu ya kigoda, kwenye mwanga, alikuwa amekaa Bi Mgeni, kidole gumba kimefungwa kitambaa kipya. Sinia lilikuwa kati yao. Mzee alitoa ndoana, akaiweka juu ya bati, akaigusa, na wote wawili wakainamisha vichwa kusikiliza.

"Imelala?" aliuliza.

"Imelala."

"Haya, funga," akasema Mzee Othman, akamchagulia manyoya.

Koplo aliiacha kalamu pale pale ilipokuwa.